Mashine Iliyotangulia Kufika

Waliokuwapo dukani kwa Mzee Tawakali, mjini Katesh, siku ya mnada wa Julai mwaka 1984, walikuwa hawa: Mzee Tawakali mwenyewe, nyuma ya meza ya mbao, binti yake Mwantumu, akipima misumari kwenye mizani, wafugaji wawili wenye shuka nyeusi, waliokuja kuulizia dawa ya kupe, Nikolausi, dereva wa lori la shamba la ngano la serikali, rafiki yake Theodory Margwe, fundi wa matrekta wa shamba hilohilo, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi ya Gitting, jina lake Efrazia Akonaay. Juu ya meza lilikuwapo jembe moja. Ndilo lililokuwa limebaki Katesh nzima.

Miaka ile vitu vilikuwa adimu. Sabuni ilitafutwa, chumvi ilitafutwa, na jembe likionekana dukani habari zake zilifika milimani kabla ya jua kutua. Kwa hiyo Theodory alipolishika jembe lile upande wa ncha, na mwalimu yule akalishika upande wa shingo, hakuna aliyeachia.

"Samahani, kaka," alisema mwalimu. "Mimi nimetangulia."

"Samahani wewe, dada. Mimi niko hapa tangu Mwantumu anapima kilo ya kwanza ya misumari."

Mwalimu alimtazama kuanzia buti hadi kichwani. Theodory alikuwa amevaa ovaroli la buluu lenye madoa ya oili, naye alinukia dizeli kama pipa. Efrazia alikuwa na gauni la kijani lenye kola nyeupe, iliyopigwa pasi hata ikasimama. Vumbi jekundu la mnada lilikuwa limemfika kwenye raba tu, kana kwamba lilimwogopa kupanda juu.

"Wewe si unatoka kwenye yale matrekta makubwa kama nyumba?" aliuliza. "Yanayomaliza mbuga kabla ya chai ya saa nne? Jembe la mkono unalitakia nini? La kujikunia mgongo?"

Wafugaji wakacheka. Nikolausi akacheka kuwazidi.

"Nina kibustani nyuma ya kambi," Theodory alijitetea. "Vitunguu na mchicha. Trekta letu likiingia pale, kabla halijakata kona limeshatokea upande wa pili."

"Basi kalime na bisibisi. Jembe la mama yangu limekatika shingo, naye yuko kijijini Tlawi, kule Mbulu, anangoja."

Theodory akalitazama jembe. Kisha akamtazama aliyelishika, akaona kwamba kupoteza hapa kunaweza kuwa na faida.

"Jembe lenyewe halina mpini, dada. Jembe bila mpini ni chuma tu. Wewe chukua chuma. Mpini nitauchonga mimi, nikuletee Gitting."

"Na usipoleta?"

"Utakuja kambini unidai mbele ya watu."

"Jamani," alisema Mzee Tawakali, "mnanunua jembe au mnachumbiana? Nyuma yenu kuna watu."

Mpini ulifika Gitting Jumapili ya pili, umechongwa kwa mti mgumu wa mlimani na kupigwa msasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto. Baada ya hapo Theodory hakukosa sababu. Alileta kabari ya kukazia mpini, alileta mbegu za vitunguu, na siku alipokosa kabisa cha kuleta, alileta swali: je, mpini haujalegea? Efrazia alimpokea kwa chai na utani. Walikuwa wakitembea kwenye barabara ya kuteremka kutoka shuleni, mlima Hanang ukiwa umejifunga wingu kiunoni, na chini kabisa ngano ya serikali imelala njano hadi macho yanapochoka.

"Fundi wangu," Efrazia alimwambia siku moja, "wewe hutulii. Hata ukisimama miguu inatembea."

"Injini ikitulia ujue imezimika, mwalimu wangu."

"Mimi sitaki injini. Nataka mtu wa kukaa naye."

Mwezi wa Desemba, Theodory alikwenda Tlawi na baba yake mdogo kupeleka posa. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wamefariki angali mdogo. Alilelewa kwenye mabweni ya shule, kisha kwenye karakana. Mama yake Efrazia, Mama Fransiska, mjane mwembamba mwenye macho yasiyopepesa, aliwapokea vizuri, akawalisha vizuri, kisha akamtoa kijana nje na kumwonyesha kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kilichoteremka taratibu hadi kwenye ua wa miti.

"Katika nyumba hii," alisema, "baba yake Efrazia alimlimia mama yangu hapa, na babu yake alilima hapahapa. Mchumba hulima kabla ya mvua ya kwanza. Nimesikia unapelekwa Ulaya kusoma. Kipande hiki nitakiacha. Ukirudi, utalima, ndipo tutataja siku ya ndoa."

"Kanada, mama," Theodory alisahihisha kwa heshima. "Nitarudi Novemba."

"Popote. Mvua inajua njia ya hapa."

Februari, Theodory aliondoka pamoja na mafundi wengine wawili.

Mji waliopelekwa ulikuwa katikati ya nyanda za ngano za Kanada, tambarare kuliko mbuga za Hanang, na mweupe kwa theluji kama bamba la bati. Theodory alisoma mchana, na saa zilizobaki alitembea. Alitembea kutoka bweni hadi kituo cha reli, akarudi. Akalizunguka jengo la chuo hata walinzi wakamzoea. Alikuwa kama mtu aliyesahau kitu nyumbani asikumbuke ni nini.

Kila walipoweza walipigiana simu, kwa mpango wa barua: Jumamosi fulani, saa nane mchana, Efrazia angekuwa posta ya Katesh. Kwa Theodory ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Alisimama kwenye ukumbi wa bweni amejifunika blanketi, akasikiliza mivumo na mikoromo ya dunia nzima, mpaka sauti ya Zubery wa posta ikatokea: "Kanada! Nani hapa ni wa Kanada?" Nyuma yake foleni ilisikika ikinyamaza ili isipitwe.

"Haloo! Mwalimu?"

"Nakusikia, Fundi. Usipige kelele. Wanakusikia mpaka mnadani bila simu."

Foleni ikacheka. Theodory alikisikia kicheko hicho kikivuka bahari.

"Umevaa nini, mpenzi?"

"Gauni. Ulitaka nije posta na nini?" Akashusha sauti. "Lile la kijani."

"Basi nimekuona. Mama hajambo?"

"Hajambo, ila mgongo unamsumbua. Na ile bustani ya nyuma hajaigusa mwaka huu. Imekuwa ngumu kama sakafu."

Fundi akisikia kitu kigumu, akili yake hukimbilia mashine. "Usiwe na shaka," alisema haraka. "Huku kuna mashine ndogo za kulimia bustani. Unaisukuma kama toroli, meno yanazunguka, udongo unakuwa unga. Nitamtafutia mama moja."

"Usihangaike, Theodory."

Theodory akatabasamu gizani. Kwao milimani, mtu aliyelelewa hapokei kitu kikubwa mara ya kwanza. Mgeni huwekewa chakula akasema ameshiba. Husihiwa, akasema ameshiba kweli. Mara ya tatu hunawa mikono. Hiyo ilikuwa moja.

"Si mahangaiko, mpenzi."

"Nasema kweli, usihangaike. Wewe njoo tu."

Hiyo ilikuwa mbili. Moyo wake ukajaa. Hakika huyu alilelewa!

"Haya, nimesikia," alisema akicheka, kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua.

"Hujasikia. Hapa kuna watu, siwezi kueleza yote. Mama..."

"Dakika zimekwisha!" Zubery alipaza sauti, na dunia ikarudi kukoroma.

Tangu siku ile Theodory alipata mahali pa kupeleka miguu yake. Kila Jumamosi alikwenda kutafuta mashine. Kwenye duka kubwa la zana za kilimo, penye kombaini zilizopanda juu kama makanisa, mwuzaji alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwonyesha trekta.

"Ndogo zaidi," alisema Theodory.

Akaonyeshwa trekta jingine.

"Ndogo zaidi ya hili. Ya kupita kwenye mlango wa ua, mahali anapopita ng'ombe mmoja."

Mwuzaji akawaita wenzake waje wamsikie. Walicheka bila ubaya. Huko hapakuwa na mtu aliyelima eneo linaloweza kuonekana mwisho wake. Duka la pili, mjini, lilikuwa na mashine nzuri nyekundu, nyepesi, ya bei ya chini. Theodory alikuwa ameshaikumbatia alipoona mkia wake: waya wa umeme. Akajiuliza ni waya wa urefu gani utakaotoka Tlawi hadi bwawa la umeme la Kidatu, akairudisha. Ya tatu ilikuwa na injini ya petroli lakini pana. Alipoipima kwa hatua, akaona kwamba ua wa Mama Fransiska ungelazimika kubomolewa. Ya nne ilikuwa na meno mapya na injini iliyokufa. Alianza kuota mashine. Wenzake wawili walimwita Bwana Bustani, naye hakujali.

Mwishoni mwa Mei, theluji ilipokwisha, aliona karatasi kwenye ubao wa matangazo wa duka la vyakula: mashine ndogo ya bustani, ya petroli, bado nzima. Akaenda kwa miguu. Nyumba ilikuwa ya mbao, yenye rangi ya samawati iliyobambuka, na mwenyewe alikuwa ajuza aliyejifunga kitambaa kichwani sawasawa na akina mama wa Dongobesh. Aliitwa Bibi Helena.

Mashine ilikuwa kibandani, chini ya gunia. Theodory alipiga goti. Meno manne, mpini wa chuma unaokunjwa, injini ya pistoni moja. Alisafisha plagi, akavuta kamba mara tatu, ikakohoa, ikakubali.

"Unaipeleka kwa nani?" aliuliza Bibi Helena.

"Kwa mama wa mchumba wangu. Ana bustani ngumu sana."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa hapa kwa muda. Ndiyo maana ya mashine."

Bibi Helena hakutaka fedha. Alitaka bustani yake ilimwe mara moja ya mwisho, na pampu ya kisima itengenezwe. Theodory alifanya yote mawili kwa siku moja, akiimba. Jioni, bibi alimletea supu nyekundu, akakaa naye ngazini.

"Kabla ya mashine hiyo," alisema, "mimi na mume wangu tulikuwa tukilima wawili, yeye mstari wake na mimi mstari wangu. Siku aliyoinunua alisema sasa nimepumzika. Ni kweli. Nilikaa jikoni miaka kumi na mitano nikisikiliza mlio wake."

"Pole, bibi," alisema Theodory, na akili yake yote ilikuwa kwenye meno manne.

Shamba la ngano lilikuwa likiletewa vipuri kwa meli kutoka kulekule, na mkubwa wa mafunzo akakubali sanduku moja dogo liingie kati ya masanduku makubwa. Nikolausi alipewa maagizo kwa barua: likifika, alipeleke Tlawi kwa lori, kwa kupitia Dongobesh na Mbulu.

Septemba, Theodory aliitwa ofisini. Alikuwa amefaulu kuliko wenzake. Akikubali kubaki miezi kumi zaidi, kusomea injini za kombaini, angerudi kuwa fundi mkuu. Hakuomba hata usiku mmoja wa kufikiri. Aliandika kwa Efrazia barua ndefu na ya furaha, na ndani yake mlikuwamo sentensi hii: *Mwambie mama asiwe na wasiwasi na ile bustani, kwa kuwa mashine itanishikia nafasi mpaka nirudi.*

Majibu yalifika katikati ya Novemba. Barua za Efrazia zilikuwa na kurasa nne. Hii ilikuwa na nusu.

*Mashine imefika. Wewe hujafika. Nikolausi aliishusha uani mbele ya majirani wote. Mama aliizunguka mara mbili, akaniuliza, "Hiki chuma kitanisalimia?" Kipande cha nyuma alikiacha mwaka mzima kwa ajili ya mikono yako, Theodory. Nilikwambia usihangaike, nikakwambia uje. Ulidhani naona haya? Mama anasema mchumba aliyetuma chuma kimlimie, kesho atatuma barua imwolee. Tabibu Hermani wa Haydom ameshaleta salamu mara mbili. Mvua mwaka huu imechelewa. Ikianguka na kipande kile hakijalimwa, mama atarudisha posa yako, nami sitamzuia.*

Theodory aliisoma akiwa amesimama, akaisoma akitembea, akaisoma kwenye ngazi. Ndipo alipokumbuka kipande cha ardhi kilichoteremka hadi kwenye ua wa miti, na kidole cha Mama Fransiska, na neno *utalima*. Alikuwa amelisikia kama fundi anavyosikia habari ya kazi: kazi ifanyike, kwa chombo chochote.

Alipeleka simu ya maandishi: NGOJA POSTA JUMAMOSI SAA NANE. Jumamosi, Zubery hakupaza sauti. Hata foleni haikucheka.

"Efrazia?"

"Nipo."

"Mpenzi wangu, nilikosea. Nilidhani unakataa kwa adabu."

"Nilikataa kwa akili zangu timamu."

"Nilitaka kumpumzisha mama."

"Mama hajakwambia amechoka. Amekwambia anataka kukuona." Sauti yake ilikuwa ya darasani, iliyonyooka; halafu ikapinda. "Theodory, watu wananisikiliza hapa na leo acha wasikie. Unanipenda kwa kishindo. Mpini, mbegu, mashine, cheti. Kila siku kinakuja kitu. Nimechoka kupokea vitu. Ukikaa kimya mahali pamoja na mimi, utakufa?"

Theodory alikuwa akienda mbele na nyuma, mwisho wa waya wa simu.

"Hata sasa nasikia unatembea," alisema Efrazia, na simu ikakatika. Posta haikuikata: Zubery alikuja kumwambia Theodory baadaye kwamba dakika zilikuwa bado mbili.

Jumatatu, Theodory alisimama mbele ya mkubwa wa mafunzo.

"Ukiondoka sasa," alisema mkubwa yule kwa masikitiko ya kweli, "cheti hakipo. Na nafasi ya fundi mkuu atapewa mwingine."

"Ninaelewa, bwana."

"Kuna msiba nyumbani?"

"Kuna bustani," alijibu Theodory.

Maombi ya ruhusa na ndege vilikula wiki mbili nyingine. Alipoteremka Arusha alitazama juu kabla ya kutazama mizigo. Anga ilikuwa nyeupe na kavu. Njia nzima ya basi, Karatu hadi Mbulu, alikuwa akitoa kichwa dirishani kuangalia mawingu, hata mama mmoja aliyeketi naye akamwuliza kama ana kichefuchefu. Alilala Mbulu. Jumamosi, kulipopambazuka, alianza kwenda Tlawi kwa miguu, na nyuma yake, upande wa bonde, wingu la kwanza lilikuwa linajikusanya.

Mashine ilikuwa imesimama uani chini ya gunia, kama ilivyokuwa kwa Bibi Helena. Kuku alikuwa ametaga kati ya meno yake. Mama Fransiska alikuwa akichambua maharage mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni Theodory Margwe, mama."

"Ajabu. Theodory mbona alifika tangu Oktoba? Huyo hapo, chini ya gunia. Hali, hanywi, hasalimii. Angalau anaatamisha."

Theodory aliinamisha kichwa. "Nimekosa, mama. Nimekuja kulima."

"Wenzako wako wapi? Mchumba huja na vijana kumi."

"Sina mtu. Nimekuja mwenyewe."

Mama Fransiska aliendelea kuchambua maharage. Alitupa bovu, akatupa jingine. "Jembe liko nyuma ya mlango," alisema mwishowe.

Lilikuwa jembe lile la Katesh. Mpini wake ulikuwa umeiva kwa mikono ya watu wengine. Efrazia alitoka jikoni, na gauni lake la kijani lilikuwa limepauka mabegani. Hawakushikana mikono. Alimtazama viatu vyake vya mjini, akamtazama usoni.

"Umekonda," alisema.

"Nilikuwa natembea sana."

"Najua. Nilikusikia." Akaingia ndani, lakini mlango hakuufunga.

Theodory alivua koti, akaanza kona ya juu. Ardhi ilimkataa. Jembe lilidunda, likatoa cheche kwenye mawe. Mikono yake, iliyozoea spana, ilitoka malengelenge kabla ya saa tatu. Majirani walianza kuja mmojammoja: Mzee Tluway na fimbo yake, akina mama wanne wa kanisani, vijana wa mtaa. Wakakaa kwenye ukingo wa juu. Katika nyumba ile, aliyekuja kulima uchumba hasaidiwi na majirani mpaka nyumba yenyewe iwaite, na nyumba ilikuwa kimya. Saa tano akafika tabibu Hermani na baiskeli yake, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alikuwa kwa dada yake Mbulu, akaja kutazama kama mvua imekwisha nyesha. Alisalimia kila mtu vizuri, akakaa.

"Anashika jembe kama anashika usukani," alisema kijana mmoja.

"Mwache," alisema Mzee Tluway. "Trekta nalo lilizaliwa na jembe."

"Shemeji, weka gia!"

Theodory alicheka pamoja nao, na hakuacha. Adhuhuri ilipofika alikuwa amelima theluthi moja. Mgongo ulimwaka. Mpini ulikuwa na damu mahali pawili. Wingu lilikuwa limeshapanda likakaa juu ya kanisa. Alisimama kidogo, akakipima kipande kilichobaki kwa jicho la fundi, akajua, kwa hesabu isiyokuwa na huruma, kwamba hakitakwisha. Mashine ilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Ingemaliza kabla ya saa tisa.

Aliitazama. Wote waliona anaitazama. Kisha akainama, akapiga jembe lile lile mahali palepale.

Aliendelea hivyo kwa muda asioujua. Mara akasikia pigo lisilo lake. Upande wa kushoto, hatua moja, Efrazia alikuwa ameanza mstari wake kwa jembe la jirani, kanga imefungwa kiunoni.

"Mwanangu!" akasema mama mmoja wa kanisani. "Bibi arusi halimi!"

"Mwalimu analima," alijibu Efrazia bila kuinua kichwa. Halafu, kwa sauti ya chini: "Usiniangalie, Fundi. Lima."

"Kuna bibi mmoja kule," alisema Theodory, akihema, "aliniambia walikuwa wakilima wawili. Alinieleza jambo hili lote nikiwa nakunywa supu yake. Sikusikia."

"Wewe hata simu ikikatwa makusudi husikii."

"Ulikata wewe?"

"Nilitaka uje kunigombeza."

Efrazia akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, pumzi ikamkatika, na mistari miwili ikaendelea kuteremka sambamba. Theodory aligundua kwamba miguu yake ilikuwa imetulia: hatua moja, pigo, hatua moja, pigo, na wala hakuna mahali pengine ilipotaka kwenda.

Mvua ilifika saa tisa na nusu. Matone makubwa yalianguka kwenye udongo uliofunguliwa, harufu ikapanda, watu wakakimbilia upenuni. Wawili wale waliendelea mpaka maji yakaanza kuteremsha udongo, ndipo Mama Fransiska akasema, "Basi." Chini, karibu na ua wa miti, kilikuwa kimebaki kipande cha ukubwa wa chumba kimoja, kigumu, hakijaguswa.

Sharti lilikuwa sharti, na kila mtu alikiona kipande kile. Tabibu Hermani alitazama viatu vyake. Mzee Tluway akakohoa.

"Fransiska, mvua imenyesha. Nyumba yako inasema nini?"

Mama Fransiska alimtazama kijana aliyelowa, aliyekuwa ameshikilia mpini kwa viganja vilivyochubuka, kisha akamtazama binti yake. "Nimeona nilichotaka kuona," alisema. "Lakini mwaka huu aliyedharauliwa hadharani si mimi peke yangu. Aliyesimama posta ni yeye. Aseme yeye."

Efrazia alijipangusa tope usoni kwa pindo la kanga. Akasimama kama anavyosimama mbele ya darasa la saba, mgongo umenyooka, kola yake nyeupe imekuwa nyekundu.

"Shikamooni wazee," alisema. "Mashine ile itatoka uani leo. Itakaa kwa Mzee Tluway, na atakayeihitaji ataichukua, kwa sharti moja: aisukume mwenyewe, na mwenye bustani awe hapohapo. Haitatumwa peke yake kwa mtu. Kipande kilichobaki kisiguswe. Mwaka kesho, kabla ya mvua, Theodory atakilima na mimi nikiwa kando yake, tukiwa mke na mume, na kila mwaka tutabakiza kidogo, ili awe na sababu ya kurudi hapa. Jumapili ijayo tangazo la kwanza la ndoa yetu litasomwa kanisani, na ndoa itakuwa Januari kabla shule hazijafunguliwa." Akachukua jembe mkononi mwa Theodory, akaliinua watu wote walione. "Mwenye pingamizi asingoje Jumapili. Alilete sasa hivi, akiwa ameshika hili."